Mwalimu Aliyevaa Kibao cha Wanafunzi Wake

Saa nne kasoro asubuhi, upepo wa Nduruma, nje ya jiji la Arusha, unachezea mabati ya darasa la Kidato cha Nne kana kwamba unataka kuondoka nayo. Mwalimu Zakia Shamsudin anapita kati ya madawati na mfuko wa maharage ya kufundishia hesabu mkononi. Shingoni amening'iniza kibao cha mbao chenye kamba ya katani. Maandishi yake ya Kiingereza yanasema aliyekivaa amekamatwa akizungumza Kiswahili.

Kibao hicho kilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Tangu Jumatatu anakivaa yeye.

"Nani anatoa haragwe la kwanza?" anauliza.

"Mimi, mwalimu," anajibu Loishiye, kijana mrefu wa dawati la nyuma.

"Si ulisema hesabu zimekushinda?"

"Zilinishinda kwa Kiingereza, mwalimu."

Darasa linacheka. Zakia anacheka pia, halafu anatupa jicho dirishani kuona nani anapita.

Ana sababu ya kuangalia. Jumamosi bodi ya shule inakaa kuamua kama abaki au afungashe virago.

Zakia, mwenye umri wa miaka 29, alizaliwa Levolosi, jijini Arusha, ambako mama yake anauza vitenge. Ana shahada ya ualimu na hana ajira ya serikali. Ameiomba kila ilipotangazwa. Katika shule hii ya kata anafundisha Hisabati na Uraia kwa kujitolea, na michango ya wazazi humpatia shilingi laki moja na nusu kwa mwezi. Chumba na chakula vikishatoka humo, kinachobaki ni nauli ya kwenda kumsalimia mama.

Kibao alikikuta. Kuna kimoja tu shule nzima. Anayeponyokwa na Kiswahili anavishwa, naye anakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Kengele ya jioni ikimkuta nacho, anadeki vyoo.

Basi watoto wamekuwa wawindaji. Simaloi, binti wa dawati la mbele anayezungumza Kimaasai nyumbani, anaeleza mbinu yao.

"Unamkanyaga mtu kidole kwa nguvu," anasema. "Akilia kwa Kiswahili, umempata."

"Na akilia kwa Kimaasai?"

"Hiyo nayo ni kosa. Mimi nimejifunza kutolia."

Msomaji asome tena jibu hilo taratibu. Binti wa miaka kumi na saba, katika nchi iliyojitawala kabla mama yake hajazaliwa, amejifunza kuumia kimyakimya ili asionekane mshamba. Wenye kumbukumbu wanajua kibao hiki si kipya. Walikivaa baba zao, wengine wakaacha shule kwa sababu yake, na kila uongozi mpya ukaahidi kulitazama suala la lugha. Limetazamwa weee. Kibao kimebadilishiwa kamba tu.

Matokeo yake yalionekana kwenye mtihani wa majaribio. Swali la uwezekano lilihusu mayai: trei ina mabovu kadhaa, unachukua mawili bila kurudisha. Zakia alikuwa amewafundisha kwa mfano wa mipira ya rangi. Zaidi ya nusu ya darasa walijibu kuhusu mipira.

"Walikuwa wamekariri mfano wangu neno kwa neno," anasema. "Nimeuliza mayai, mtoto ananijibu mpira mwekundu. Nilikaa na zile karatasi nikajiuliza, hivi mwaka mzima nilikuwa nafundisha nani?"

Jumatatu ikafika na kipindi cha Uraia, marudio ya haki za binadamu. Zakia alieleza uhuru wa kujieleza kwa Kiingereza safi. Akauliza kama kuna swali. Kimya. Akauliza tena. Loishiye akasimama na kusema kwa Kiswahili, "Mwalimu, huo uhuru ni wetu pia au wa kwenye mtihani tu?"

Aliyekuwa na kibao siku hiyo aliruka kutoka kwenye dawati lake akiwa amekwisha kukivua. Loishiye akainamisha kichwa avishwe. Zakia akawahi kukipokea.

"Swali zuri," alisema kwa Kiswahili. "Sasa na mimi nimekosa." Akakivaa.

Anasema hakuwa amepanga. Mapumziko yalipofika ndipo wanafunzi walipogundua jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliwazia: kibao kikiwa shingoni kwa mwalimu, hakuna wa kuvishwa. Uwanja mzima uliripuka kwa Kiswahili. Kesho yake kwenye Hisabati mikono ilinyooka mpaka akakosa pa kuanzia. Loishiye aliuliza kitu alichokibeba tangu muhula uanze: ukishatoa kimoja bila kurudisha, vilivyobaki si vimepungua? Kumbe ndiyo hesabu yenyewe.

Mkuu wa shule, Mwalimu Reginald, hakufurahi.

"Madamu, vua hicho kitu, unatudhalilisha," alimwambia mbele ya walimu wenzake.

"Mkuu, kinavuliwa ukimnasa mwingine. Na wewe umenisemesha Kiswahili sasa hivi. Nikuvishe?"

Mwalimu mmoja alitoka nje kwenda kukohoa.

Mkuu ana hoja yake na haifichi. "Mtihani wa taifa hauji kwa Kiswahili," anasema. "Wakifeli, wazazi hawatamuuliza Zakia. Wataniuliza mimi." Ni kweli. Lakini wamekuwa wakifeli na kibao kikiwa kazini, na hakuna aliyekiita kibao kujieleza.

Ameipelekea bodi suala hilo, pamoja na pendekezo la kuongeza vibao viwili.

Wajumbe wengi ni wazazi. Mmoja wao, mzee Gadiel, analima nyanya. Zakia alipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba na kumkagua shingoni.

"Mwanangu, mimi hata Kiswahili nilijifunzia shuleni, nyumbani tulisema Kimeru," alimwambia. "Nataka wangu ajue Kiingereza. Wewe unamnyima."

"Simnyimi, baba. Nataka akijue. Ila kwanza ajue anachokisoma."

Mzee hakusema atapiga kura upande gani.

Zakia halali vizuri. Akikosa nafasi hii atarudi Levolosi kufunga vitenge vya mama, na darasa litaingia kwenye mtihani wa mwisho bila mwalimu wa Hisabati. Hata hivyo, ameshapanga atakavyojitetea.

"Nitaongea nao kwa Kiingereza, dakika tano nzima," anasema huku akiokota maharage yaliyoanguka sakafuni. "Nitawaomba kila mmoja auze ng'ombe anijengee nyumba. Halafu nitauliza anayekubali anyooshe mkono. Watanyoosha, kwa heshima tu, kama watoto wao wanavyonyoosha."

"Halafu?"

"Nitawatafsiria walichokubali. Baada ya hapo ndipo kikao kianze."