Koti Kwenye Kiti

Tangu aache kazi serikalini, Bwana Koti hakuamini hata chai ya bure. Jina hilo alipewa na wenzake wa ofisi ya ardhi, alikokuwa mchora ramani. Kule desturi ilijulikana: ukiwa na shughuli zako mjini, unaacha koti kwenye kiti. Mkubwa akiuliza, wenzako wanajibu kwa kauli moja, "Yupo, si hilo koti lake?" Kazi hakuna aliyeipenda, lakini hakuna aliyemchongea mwenzake.

Kampuni ya binafsi aliyohamia ilimtisha kwa wema. Mkurugenzi, mama mmoja mpole, alimwita kaka na kuzisifu ramani zake mbele ya watu. "Hapa sisi ni familia," alisema. Familia gani inayoajiri kwa mkataba? Bwana Koti alijiuliza. Hata dada wa meza ya jirani, aliyemsalimia kila asubuhi kwa kicheko, Bwana Koti alimwona mpeleka maneno. Kikulacho ki nguoni mwako.

Siku moja mkewe akapiga simu. "Mama yako kaanguka bafuni. Tuko hospitali, anakuulizia."

Mlango wa mkurugenzi ulikuwa wazi. Aombe ruhusa? Huo ndio mtego wenyewe, akaona. Leo unaruhusiwa, kesho unaambiwa huna moyo wa kazi. Kazi hiyo aliitaka sana, tena kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anaipenda. Akavua koti, akalitundika kitini, akapenya mlango wa nyuma.

Mama alikuwa amevunjika nyonga. Bwana Koti alimshika mkono kidogo tu, akakimbilia ofisini kabla hawajamshtukia. Kiti kilikuwa kitupu. Koti lilikuwa kwa mkurugenzi, limekunjwa vizuri.

"Mteja wetu mkubwa alikuja," mkurugenzi alisema. "Nikamwambia yupo, si hilo koti lake? Tukakungoja mpaka akaondoka kwa hasira. Dada wa jirani yako kakutafuta hadi vyooni, akidhani umezimia. Mwishowe tumempigia mkeo."

"Mama, niliogopa kuomba."

"Ungeomba, ningekupa gari. Sasa siwezi tena kuamini hata koti lako." Akamkabidhi. "Kazi imeishia hapa, kaka. Dereva yuko nje, akurudishe kwa mzazi wako."

Bwana Koti alikaa kiti cha nyuma, koti mapajani, roho ikimuuma. Hata hivyo, kila kona alichungulia dirishani, ahakikishe kweli wanaelekea hospitali.