Kesi ya Mbuzi Iliyosomwa Nusu

Nakeno Ekiru anaishi Kanamkemer, lakini sauti yake inafika hadi Namoruputh mpakani. Ndiye msomaji wa habari za mahakama katika redio moja ya Lodwar, na kwa miaka tisa amekalia mabenchi ya mahakamani mpaka anajua lipi lina msumari. Silaha yake ni daftari la shule na kalamu mbili, moja ya akiba.

Hodari ni hodari, ila alikuwa na ugonjwa wa waandishi wengi wa mahakama. Siku mtu anaposomewa mashtaka yupo mbele kabisa, shingo ndefu. Siku ya hukumu, miezi kadhaa baadaye, yuko kwenye kesi nyingine yenye moto zaidi.

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni alitoka studioni akamkuta mwanamume mrefu amesimama mlangoni, viatu vimejaa vumbi la safari.

"Ejok, dada. Wewe ndio Nakeno ya redio?"

"Ejok. Ni mimi. Karibu, mzee."

"Mimi naitwa Malith. Nauza nyama kule Kakuma, ndani ya kambi. Wewe ulisema mimi nimeiba mbuzi."

Nakeno akakumbuka. Mwezi wa Februari, katika mahakama ya Kakuma, mkimbizi huyu kutoka Sudan Kusini alishtakiwa kumwibia mbuzi mfugaji aitwaye Akaale. Alikana mashtaka.

"Sikusema umeiba, mzee. Nilisema umeshtakiwa."

"Watu walisikia Malith, wakasikia mbuzi. Basi." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma Nakeno. "Kesi iliisha mwezi ya nne. Akaale mwenyewe alishika ile ngozi ya mbuzi polisi walichukua kwa bucha yangu, akaangalia sikio. Akaambia hakimu hii alama si yake. Hakimu akaniachilia. Wewe hukukuja."

Kila mfugaji wa Turkana hukata masikio ya mifugo wake kwa namna yake, na hakuna anayekosea alama yake. Kesi ilikuwa imekufa palepale. Lakini kambini hakuna aliyeambiwa. Nyama ya Malith ilikuwa ikiozea kwenye ndoano. Mkewe, Akon, aliitwa mke wa mwizi kwenye foleni ya maji. Hata jirani yao Nangiro, aliyekuwa akinunua maini kila Jumamosi, sasa alipita mbele ya bucha akitazama upande wa pili.

"Karatasi ya mahakama nimeweka kwa mlango," Malith akasema. "Nani anasoma? Watu wanasikia redio."

Nakeno aliona aibu, tena aibu hasa. Malith alipoondoka, alitoa madaftari yake ya mwaka mzima akayapekua. Kesi sitini na mbili alizitangaza zilipoanza. Alizokuwa ameandika mwisho wake zilikuwa kumi na moja tu.

Mhariri wake, Wandera, hakutaka kusikia. "Nakeno, hiyo ni ya Aprili. Imechacha."

"Ilipokuwa mbichi mbona tuliila na kulamba vidole? Na hii tuile hivyohivyo."

Wandera akajikuna kichwa, kisha akampa dakika moja, mradi alete maneno ya hakimu mwenyewe. Kesho yake Nakeno akaenda Kakuma. Chepkirui, karani wa mahakama, akamtolea jalada. Hukumu ilikuwa kurasa nne, naye akazisoma zote akiwa amesimama, kisha akanakili mistari ya mwisho kwa mkono, polepole, asije akakosea hata neno.

Alhamisi saa moja asubuhi akaisoma, kwanza kwa Kiturkana, kisha kwa Kiswahili: kwamba Malith hakuiba mbuzi wa Akaale, kwamba Akaale mwenyewe alisema hivyo mbele ya hakimu, na kwamba redio ilipaswa kuwaambia watu tangu Aprili. Hilo la mwisho halikuwa kwenye jalada. Alipomaliza akampigia Malith simu, roho yake nyepesi.

"Umesikia, mzee?"

"Nimesikia. Sasa utasoma tena saa ngapi?"

"Tena?"

"Ile ya kuiba ulisoma mara tatu, dada. Asubuhi, mchana na jioni. Mimi nilihesabu."

Ilikuwa kweli, na Nakeno alijua. Hakurudi kwa Wandera kuomba ruhusa. Saa saba mchana akaisoma tena, neno kwa neno, na saa kumi na mbili jioni akaisoma mara ya tatu. Alikuwa akikusanya karatasi zake simu ilipoita. Alikuwa Akon.

"Dada, Nangiro yuko hapa kwa mlango. Anauliza kama maini iko."

"Iko?"

"Iko. Malith anamkatia kubwa."