Meno Mapya ya Shemeji

Karakana nzima ilimwita Sikio, na yeye jina hilo alilivaa kama suti ya harusi. Alikuwa fundi wa mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikimenya. Kila kazi ilipobadilika, yale meno matatu yanayobana chuma yalifunguliwa bolti moja moja, yakafungwa mengine, kisha yakachongwa upya kidogo ili yabane katikati. Sikio aligonga kwa nyundo ya mpira, akainamisha kichwa, akasikiliza. Wenzake walimsubiri kama daktari. Chai ililetwa kwake kwanza, tena ya moto.

Halafu bosi akaleta balaa: mfumo mpya wa kubadilisha meno. Vitako vinavyobeba meno havitoki tena mashineni, na kila kazi ina seti yake ya meno yaliyokwisha kuchongwa, yamepangwa kwenye rafu. Unazungusha ufunguo, jino linachomoka. Unafuta mgongo wa jipya, unalisukuma, ka! Limekaa. Hakuna kugonga, hakuna kusikiliza.

Aliyeushika mfumo huo upesi kuliko wote ni shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye Sikio mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi pale. Ndiyo hivyo: unamfundisha mtu kuogelea, anaanza kukumwagia maji.

"Shem, njoo ujaribu, tamu hii!"

"Hivyo vya watoto. Ukimaliza kucheza, uwe unakwenda kulala."

Chai ikahama. Sikio aliiona kwa macho yake ikipita mbele ya mashine yake, inafuka, inakwenda kwa shemeji. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu.

"Nasikia kaka kabadilisha kazi tatu kabla ya mapumziko," mkewe alisema akimpakulia.

"Na mimi chakula kimepoa kabla hujamaliza kumsifu."

"Wivu huo, baba."

"Nani ana wivu? Chumvi iko wapi?"

Chumvi ilikuwa mbele ya pua yake.

Kisha bosi akatangaza kwamba anataka msimamizi wa meno yote ya karakana. Sikio na shemeji watabadilisha mashine zao kutoka kazi ya bushi, vile vipande vifupi vya bomba, kwenda kazi ya flanji, zile sahani za chuma za kuungia mabomba. Atakayetoa flanji safi kwanza, cheo chake. Tangu hapo Sikio akawa anapitapita kwa shemeji akijifanya anatafuta kitambaa, macho yote kwenye ufunguo.

Siku yenyewe, mikono yake ilikwenda kama ya mchawi. Ka, ka, ka! Shemeji bado anafuta jino la pili. Watu wakapiga miluzi, moyo wa Sikio ukafurika, na moyo ukifurika mikono hurudi ilikozoea: akaweka kisu, akawasha mashine, akayachonga meno kidogo. Kama alivyofanya miaka yote.

Meno yale yalikwisha kuchongwa kwa saizi kamili. Sasa nafasi kati yake ikawa pana mno. Flanji ikashikwa kwa ncha tu, ikateleza, ikatoka na michubuko kama mtu aliyeanguka na baiskeli.

"Sikio, na hilo umelisikia?" mmoja akauliza. Karakana ikaangua kicheko.

"Acheni bwana," shemeji akasema. "Kuna flanji kubwa zinakuja, meno hayo yatazifaa."

Cheo akapewa yeye. Kuchekwa, Sikio angekumeza. Kutetewa kulimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kesho yake shemeji akaja na sanduku la meno mapya. "Haya hayajachongwa kabisa, shem. Mara ya kwanza yanataka mkono, na wangu bado."

"Aliyekupa cheo si akuchongee?"

"Shem, nakuomba."

Sikio aliyachonga. Yalibana katikati mpaka kipimo kikakosa la kusema. Lakini kabla ya kuyarudisha, alichukua mihuri ya herufi na nyundo ya chuma, akagonga mgongoni mwa kila jino: SIKIO. Kisha akapasugua kwa jiwe mpaka vinundu vikaisha, herufi zikabaki, maana wivu ni wivu, ila jino likikaa upande aibu ni ya mchongaji.

Mgongo ule lazima ufutwe kila kazi inapobadilika. Sikio alisimama akimtazama shemeji anavyochukua jino la kwanza, anafuta, anasoma, anafuta tena kwa nguvu.

"Shem, hii haitoki!"

"Wewe futa tu. Futa vizuri."

Chai ilipopita mbele yake ikienda kwa msimamizi, akanyoosha mkono akaidaka.