Mkunga Aliyebaki Wodini

Wodini walimwita Shangazi, maana aliwagombeza wajawazito kama watoto wa kaka yake, kisha akawapelekea chai ya moto. Alikuwa mkunga hodari mwenye ulimi mkali, na kila mwaka mkutano mkuu wa wakunga ulipofika, yeye ndiye aliyebaki. Ukumbi ulikuwa mdogo, wenye hamu walikuwa wengi, na watoto hawaahirishi kuzaliwa eti kwa kuwa kuna mkutano. Basi wenzake walikwenda kwa zamu, wakarudi na mikoba mipya na umbea wa moto moto, na Shangazi akabaki kumeza mate.

Safari hii zamu ilikuwa yake. Tena Pacha, rafiki yake wa chuo waliyelala naye chumba kimoja wakagawana hata sabuni, alikuwa anastaafu, na huo ndio ulikuwa mkutano wake wa mwisho. Tangu wamalize chuo hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Waliahidiana kukaa kiti kwa kiti na kuwasengenya wasemaji mpaka wafukuzwe.

Ila mdomo ulimponza. Waandaaji walipoomba maoni ya namna ya kuwashirikisha watu wengi zaidi, Shangazi aliwaambia waurushe mkutano kwenye simu, wodi zote zione, na anayebaki kazini aweze kuuliza swali kama aliye ukumbini. Wazo likapokelewa kwa mikono miwili. Akasifiwa, na yeye, binadamu, akavimba kichwa kidogo.

Siku chache kabla ya safari, metroni, mkuu wa wauguzi, akamwita ofisini.

"Dada yangu, umetuokoa," alisema. "Sasa huna haja ya kusafiri. Utashiriki hapa hapa, na wodi haitakosa mtu."

"Lakini metroni, mwaka huu ni zamu yangu."

"Na utashiriki, nani kakunyima? Si wazo ni lako? Wewe usipolitumia, nani atalitumia?"

Shangazi angesema nini, kwamba alipolitoa aliwafikiria wengine tu? Alitoka pale amejaa hasira, na hasira yenyewe hakuwa na wa kummwagia ila nafsi yake. Kumwambia Pacha alishindwa. Kila alipoishika simu, aliirudisha mfukoni.

Siku ya mkutano aliiegemeza simu kwenye chupa ya dawa ya kunawia mikono, juu ya meza ya wakunga. Picha ikapita juu ya vichwa vya watu, na akamwona Pacha, nywele zote mvi, ameweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni. Kila aliyetaka kukaa alimfukuza kwa mkono, huku akitazama mlangoni. Shangazi aliona haya.

Ndipo mwenyekiti akamwita mwenye wazo, na sura ya Shangazi ikajaa ukuta mzima wa ukumbi. Pacha alimtazama pale ukutani. Kisha akauchukua mkoba wake, akaupakata.

"Mnamwona mwenzetu," mwenyekiti alisema. "Yuko kazini, na yuko nasi. Ili hospitali nyingi zaidi zipate nafasi, kuanzia mwakani kila moja italeta mtu mmoja tu. Wengine watashiriki kama yeye. Unasemaje, dada?"

Alitaka kusema hapana. Alitaka kusema ameponzwa na anawaponza wenzake. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unamchekea, na kutoka chumba cha pili mama mwenye uchungu akaita, "Nesi, anakuja."

"Asante, mwenyekiti," Shangazi alisema, akakimbilia glavu. Nyuma yake, kwenye simu, watu wa ukumbini wakaupigia makofi ukuta mtupu wa wodi uliobaki kwenye picha.

Makofi yalisikika mpaka kitandani. Yule mama, jasho likimtiririka, akapata nafasi ya kupumua.

"Wanashangilia nini, nesi?"

"Wanashangilia kwamba sikwenda," Shangazi alisema. "Haya, mwanangu, sukuma."