Pumzi Yake, Jina Langu

Mtayarishaji wa filamu pale Bariadi alinidhulumu jina. Kwenye filamu yake ya kwanza nilimwandikia kwa mkono majina yote ya washiriki yanayoonyeshwa mwanzoni, naye mahali pa jina langu akaweka la kwake kwa mara ya tatu. Ningemeza. Lakini mama, ambaye katika maandishi yote ya dunia alijua kusoma jina langu tu, alikaa kwenye kibanda cha video akilisubiri hadi mwisho. "Ng'wanawane, mwanangu, halimo," aliniambia njiani. Tangu siku hiyo nilimtakia mtu yule mabaya kwa moyo mkunjufu kabisa.

Mwaka uliofuata akaja na hamu mpya. Alitaka filamu ianzie ndani ya treni ya wafanyakazi wanaowahi kazini asubuhi. Bariadi haina reli. Tulikuwa na ghala la ushirika lililobaki tupu tangu wanunuzi binafsi wa pamba waruhusiwe, dirisha la basi bovu, wapagazi wawili wa kulitikisa, na wengine wa kupitisha matawi mbele ya jua ili vivuli vikimbie.

Majina yalikuwa kazi yangu. Nilizoea kukata herufi za bati za kupigia chapa marobota ya pamba, basi nikazigeuza, ili zisomeke kutoka nje kwenye kamera, na kupaka sabuni ya mche upande wa ndani wa kioo. Ikikauka huoni kitu. Abiria akikipumulia kioo kilichopozwa kwa maji ya mtungi, ukungu unatanda kila mahali isipokuwa kwenye herufi, na jina linajitokeza. Mtayarishaji alipoona jaribio alifurahi sana. Akasema jina lake litoke mwisho, na abiria wa kulitoa awe yeye mwenyewe, amesinzia kinywa wazi.

Alipokwenda kuvaa koti, nilifuta jina lake nikaweka langu.

Alisinzia vizuri, simnyimi sifa. Alifumba macho akapumua kama ng'ombe wa kulimia. Mpiga picha alisoma kioo, akaniangalia, akaendelea kupiga. Naye alikuwa na kinyongo chake na mtu yule. Siku hiyohiyo, mtayarishaji hajaitazama, kanda ikapelekwa Mwanza kuunganishwa.

Ilionyeshwa Jumapili baada ya ibada. Mtayarishaji alikaa mbele na wageni wake. Watu waliishangilia treni yetu ya ghalani. Kisha uso wake ukatokea dirishani, kinywa wazi, na kwa pumzi yake mwenyewe jina langu likaanza kujiandika. Aliinuka nusu, akaketi tena. Shingo yake ililowa jasho, nami nilifaidi kila tone.

Kando yangu mama alikuwa akisoma kwa sauti, herufi moja moja. Alipomaliza alinitikisa goti mara mbili. Sikugeuka, bado nilikuwa nimeikodolea shingo ile. Nilipomtazama, picha ilikuwa imeshabadilika na mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Hasira ikanipanda upya. Hata kuuona uso wa mama akilisoma jina langu, mtu yule alikuwa ameninyang'anya.