Hodi Katika Nyumba ya Mzee Khalfan

Nilifika kazini siku ya kwanza na vumbi la Tunduru bado masikioni. Nilikuwa nimefanya msimu mmoja katika ghala la korosho Masasi, mwingine katika gesti ya Lindi, na kote nilichoka kabla ya kuzoea. Basi likatuharibikia Somanga, tukalala kando ya barabara. Dar es Salaam nilipita tu. Bagamoyo niliingia asubuhi, kandambili moja imekatika ukanda, nikaelekezwa Dunda kwenye nyumba ya zamani iliyokuwa ikitafuta mtembeza wageni.

Mzee Khalfan, mwenye nyumba, alikuwa amekaa kwenye daka, kile kibaraza kilichoingia ndani kidogo mbele ya mlango. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia huku akiitazama miguu yangu.

"Kiingereza unajua?"

"Cha kidato cha nne, Mzee."

"Na kupiga hodi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nyumba ilijengwa na babu wa baba yake, enzi za misafara ya pembe za ndovu. Wageni wa Kiingereza hupenda kuambiwa ni ya zama za malkia wao wa kale. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii, mambo ya kuta mtayashika upesi: matumbawe na chokaa, zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo vya kauri, na boriti za mikoko zinazobeba dari. Chumba hakiwi kipana kuliko urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba. Hodi ndiyo iliyonichukua muda.

Nyumba ile haikuwa makumbusho. Watu walilala mle, walipika, walikosana. Kila mlango ulipigiwa hodi, hata ukiwa wazi. Hodi ya kwanza huwajulisha wenyewe kwamba mnakuja. Ya pili huwapa nafasi ya kujitanda, kuanua nguo, kumaliza ugomvi. Ya tatu ndiyo ya kuomba. Wenyewe wasipoitikia, unawageuza wageni, hata wawe wametoka mbali vipi.

Aliyeitikia hodi yangu ya kwanza alikuwa Bi Zuwena, mke wa Mzee.

"Hodi gani hiyo, kama kuku anatafuta pa kutagia! Ivute, mwanangu, nina chungu motoni!"

Tangu hapo akaniita Kuku. Mimi nikawafundisha wageni maneno mawili pale mlangoni, hodi na karibu. Waliyapenda kuliko habari zote za chokaa.

Mzee Khalfan akafariki, na Bi Zuwena akakaa eda. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, haonani na wanaume wasio maharimu wake, yaani wanaoweza kumwoa. Nilidhani tutafunga. Suleiman, mtoto wao wa kwanza, akaja kutoka Dar kusimamia nyumba.

"Wageni waendelee," alisema. "Dari linavuja. Bila wao nyumba itatuangukia. Mama atakaa chumba cha nyuma."

Kuhusu dari alisema kweli. Lakini chumba cha juu alichokuwa akilala mama yake, chenye kitanda kirefu cha samadari, kilizungushiwa kamba kikawa cha kuonyeshwa. Hodi nayo aliikata. "Unaita nani? Chumba kitupu."

Uani bado nilipiga hodi, kwa kuwa Bi Zuwena alikuwa akipika huko. Nilisikia mlango wa chumba cha nyuma ukijifunga. Matani yalikwisha. Siku moja alinisemesha kwa nyuma ya mlango.

"Kuku, wameshatoka?"

"Bado, Bi."

"Basi. Wali utaungua tu."

Eda ikaisha, kamba haikufunguliwa. Bi Zuwena alinituma kwa mwanawe: "Mwambie nataka kulala kwangu." Suleiman akasema ngazi zitamchosha mama, tungoje msimu wa wageni upite. Msimu ukapita, ukaja mwingine.

Siku yangu ya mwisho kazini nilikuwa chumba kile cha juu na kundi la wageni, naeleza habari za kitanda. Bi Zuwena akapanda ngazi, akasimama mlangoni, mkono ukutani, akihema.

"Hodi," alisema.

Wageni wakageuka, wakamwitikia kwa furaha, kwa sauti moja, kama nilivyowafundisha:

"Karibu!"

Bi Zuwena aliitazama kamba, kisha kitanda. "Ahsanteni," akasema. Akavua ndara zake. Akachukua tasbihi ya marehemu kwenye kidaka cha ukutani, akawaomba radhi kwa kuwakatiza, akashuka.

Nikaifungua kamba. Nikawageuza wageni wote, nikawatoa hadi barabarani. Suleiman alikuwa amesimama kwenye daka.

"Unaharibu kazi!"

"Kazi nimefundishwa na baba yako," nikamjibu, nikampa kamba yake.

Siku hizi napakia mananasi Kiwangwa, na miguu imeanza tena kuniwasha. Nyumba nyingine za kuonyesha wageni sijazitafuta. Nimechoka kuingia kwa watu.

Siku ile, kabla ya kuondoka, nilikwenda chumba cha nyuma kwa Bi Zuwena, nikapiga hodi zote tatu. Karibu haikuja.

"Kuku," alisema baadaye kidogo. "Wameshatoka?"

"Wametoka wote, Bi. Na mimi natoka."



"Haya. Basi nikautazame wali."

Nilipokuwa kwenye daka navaa kandambili, nilisikia mlango wake ukifunguliwa, na hatua zake zikielekea uani, moja moja, zikisimama kila kona kusikiliza kama kuna mtu.