Dumu Tupu kwenye Keria

Wiki hii baridi imeshuka Durban, ndugu yangu, ile ya Julai inayotoka bara kabla jua halijapanda. Jana nilipita Greyville nikaona dumu la njano limeachwa nje ya duka, na kabla sijajizuia nilikuwa nimeshamkumbuka shangazi.

Shangazi ndiye aliyenilea, katika chumba kimoja juu ya saluni alikosukia watu nywele. Miezi ya joto hakugusa baiskeli. Joto la hapa, alisema, lina wenyewe. Lakini baridi ikiingia, kila Jumamosi alfajiri alinivisha masweta mawili, akanifunga kitenge kichwani, akaniketisha mbele kwenye fremu, tukaenda. Tulipita uwanja wa mbio za farasi, tukateremka hadi pwani, tukaufuata ufukwe mpaka pale mto unapoingia baharini. Vidole vinakufa ganzi, pua inachuruzika, meno yangu yanagongana, naye anaimba nyimbo za kanisani kana kwamba tunakwenda harusini.

Wala hatukuwa na shughuli yoyote huko. Hapo ndipo dumu lilipoingia. Kwao shangazi, upande wa Bukavu, baiskeli ni punda: hubeba makaa, ndizi, hata mgonjwa. Mtu mzima kuiendesha kwa raha zake ni kujitafutia maneno, na majirani wetu wa kanisani, watu wa huko huko, hawakupungukiwa na maneno. Basi alifunga dumu tupu kwenye keria.

"Baone bidon, bajue niko na kazi," aliniambia.

Dumu hilo liligonga njia nzima, kwenda na kurudi, na halikuwahi kubeba hata tone.

Mtoni tulikunywa chai ya tangawizi na mandazi ya jana. Kisha alifumba macho, akavuta pumzi. "Sikia hii baridi. Iko sawa na ya kwetu. Saa hii mama anawasha moto." Mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa hai milimani juu ya Bukavu, na shangazi hakuwa na hamu nyingine duniani ila kumwona tena. Lakini karatasi zetu za ukimbizi zilikuwa za kukaa tu. Akienda kwao, harudi, na mimi angeniachia nani? "Mwaka kesho," alisema kila mwaka. Mimi nimezaliwa hapa. Kwetu nilikujua kwa baridi ile tu.

Asubuhi moja simu ililia akijaza tairi upepo. Alikuwa mdogo wake wa kule: bibi amefariki. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, kisha akalifungua dumu na kuliegemeza ukutani.

"Panda," akaniambia.

Kwenye kona tulimkuta jirani yetu, mama wa kwaya, ambaye dumu lilikuwa limemnyamazisha miaka yote. "Unaenda wapi na hii baridi, mama?"

"Siendi fasi yoyote," shangazi akajibu, wala hakusimama.

Mtoni hakugusa chai. Alilia tu, nami nikalia kwa kumwona. Tangu siku hiyo hakuendesha tena.

Yeye tulimzika Desemba, jua la saa sita, waombolezaji wakijipepea kwa vitambaa. Nililichukia joto lile kama adui.

Leo nimeamka mapema, nikaendesha peke yangu mpaka mtoni. Nikafumba macho, nikavuta pumzi kama alivyofanya yeye. Nikangoja. Ilikuwa baridi tu.